Mjomba, mbao za nyumba ya babu usizitie motoni

Mjomba,

Nimesoma ujumbe wako kwenye kikundi cha familia. Nyumba ya babu inabomolewa kabla mvua ya Machi haijaanza, mabati yataezeka banda la ng'ombe, na mbao zote zitakazobaki zitapikia wageni wa mahari. Kila mtu alikujibu kwa kidole gumba. Mimi nilinyamaza, nikaja kukuandikia hapa. Kwenye simu hunipi nafasi: nikitaja kerezo tu, ile mashine yangu ya kuzungusha mbao nikiichonga, unacheka, unaniuliza ni lini mtu mwenye watoto ataacha kuchonga pia za kuchezea. Tena hili si lako peke yako. Huku kwetu magharibi mwa Kenya, kutoka Luanda hadi Mumias, kila boma linalojenga nyumba ya matofali lina lundo la mbao za zamani nyuma ya jiko, na lundo hilo hupungua kila chai inapochemshwa. Wenye malundo hayo nao wasome.

Nakuomba usiwashe. Najua wewe unaona uzee tu pale, misumari na masizi. Mimi naona kitu ambacho siwezi kukinunua Kisumu nzima, hata nikiwa na pesa mkononi.

Kitu chenyewe ni ukavu. Mbao nyingi tunazouziwa siku hizi, saipras na mkaratusi hasa, zimetoka shambani juzi. Zikikauka hunywea, na hazinywei sawasawa: kufuata duara za mti hunywea karibu mara mbili ya zinavyonywea kutoka katikati kwenda nje. Bakuli likikerezwa kwa mti mbichi hulala duara, likaamka yai, kama halikupasuka kabisa. Mkaratusi ndio mbaya zaidi, unajipinda ukiuangalia. Ndiyo maana anayekereza mti mbichi hukata bakuli nene kwanza, akiacha ukuta wa karibu sehemu moja ya kumi ya upana wake, analipaka nta kwenye ncha za nyuzi za mti, analiweka kivulini miezi, kisha analirudisha kwenye mashine. Kwa mbao nzima kuna kanuni ya kukadiria, mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Nguzo ya inchi sita, miaka sita. Sasa hebu fikiria zile nguzo za babu, zimesimama chini ya mabati, mbali na mvua, tangu kabla ya Uhuru. Subira yote hiyo ilishalipwa na mtu mwingine, na wewe unataka kuichemshia maji ya ugali.

Nguzo za baraza na miimo ya mlango wa mbele ni mvule. Mama husema babu aliufuata mti huo kwa gari la ng'ombe, nami naamini, kwa sababu mchwa wa pale kwetu wamekula kila kitu isipokuwa hizo. Mvule mnene kama ule leo utautafuta mashambani hadi miguu iume. Ukikatwa huwa na umanjano, ukipata mwanga unageuka kahawia ya dhahabu. Una ukorofi wake: huficha mawe. Sitanii, ni mawe ya chokaa ambayo mti wenyewe huyatengeneza ndani, mara nyingi palipokuwa na kidonda, na bobari, ile patasi iliyopinda ya kukerezea, ikikutana nayo makali yanakwenda. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Hata hivyo nikipewa kuchagua kati ya gogo la mvule lenye mawe na mbao laini za dukani, sitafikiri mara mbili.

Kenchi nyingi ni lusiola, mti ule wa maua ya manjano ambao kila shamba la Butere linao mpakani. Zile za upande wa jikoni zimekuwa nyeusi kwa moshi, lakini masizi ni ya juu tu. Ukipitisha randa mara mbili tatu unafika kwenye mbao safi. Kenchi ni nyembamba kwa bakuli, nakubali. Lakini si lazima kila kitu kiwe bakuli. Kipande cha inchi mbili kwa mbili kinatosha mpini wa patasi, kifimbo cha kusukumia chapati, mguu wa kigoda. Na ukitaka upana, unaranda vipande vitatu au vinne vikae bapa, unavigandisha ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe ya mbao, unavibana usiku kucha, asubuhi una gogo.

Halafu kuna kinu. Mjomba, kile kinu cha nyanya chenye ufa, kinachokalisha kuku nyuma ya ghala, ndicho ninachokitaka kuliko vyote. Kimechongwa kwa gogo moja, kwa hiyo kile kitovu cha mti ambapo duara zote huanzia kimebaki katikati ya kitako, na ufa umeanzia hapo hapo, kama kawaida ya magogo. Sitakikereza kizima. Nitakipasua kwa msumeno kufuata ufa, nitatupa kitovu, na kila robo itatoa kibakuli kimoja au viwili vya chumvi. Mchi wake ni mzima. Usiuguse, huo unakwenda kwenye mashine jinsi ulivyo.

Kuna vitu nitakuachia bila ugomvi. Zile nguzo za ua zilizopakwa oili chafu ya gari ili mchwa wasizile, sizitaki. Oili imeingia ndani na haitoki. Nguzo za stima zilizochakaa pia sizitaki, hata ukipewa bure, kwa sababu zimetiwa dawa, nyingine ya arseniki, na dawa hiyo haifai kuwa vumbi puani wala moshi jikoni. Madirisha yenye rangi ya mafuta ya miaka ile usiyapige msasa wala usiyachome, maana rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Na mbao yoyote yenye vitundu vinavyomwaga unga mpya ni ya bungua walio hai. Hiyo peke yake ndiyo nitakuunga mkono ukiitia motoni, tena mapema.

Uliwahi kuniuliza mashine ilinigharimu kiasi gani, na sikukujibu kwa sababu mama mtoto alikuwa karibu. Si ile unayoona kwenye video za Ulaya. Fundi mmoja wa jua kali hapa Kisumu aliniungia kitanda cha chuma cha pembe, tukafunga mota ya mtumba yenye nguvu ya nusu farasi, mkanda na puli. Stima yetu ni ya hezi 50, kwa hiyo mota kama hiyo huzunguka kiasi cha mara 1,440 kwa dakika. Ni nyingi mno kwa kipande kikubwa. Kanuni ya wakerezaji ni kuzidisha upana kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu libaki kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 12 linataka mizunguko 500 hadi 750, basi. Puli ya upande wa kazi ikiwa kubwa mara tatu kuliko ya mota, unapata 480, na hapo ndipo naanzia kwa mbao kuukuu, kwa sababu hujui kilichojificha ndani. Kipande chenye ufa sikiweki kabisa, hata kiwe kizuri vipi.

Makali nimefuliwa kwa springi za gari. Watu hunishauri nitumie tupa zilizochakaa, ni rahisi, zipo kila mahali. Ni ushauri mbaya. Tupa ni ngumu lakini hukatika ghafla, na ikikatika kwenye kipande kinachozunguka, ncha yake haichagui pa kwenda.

Kazi yenyewe ina utaratibu ambao ukiuelewa mikono inatulia. Nje ya bakuli unakata kutoka kitako kwenda ukingoni. Ndani unakata kutoka ukingoni kwenda katikati. Hivyo nyuzi zilizo chini huzishikilia zile unazozikata, hazichomoki. Mti mbichi hutoa utepe mrefu unaokurukia begani, raha tupu. Mbao ya miaka sitini haikupi raha hiyo. Hutoa unga, hufubaza makali, unasimama kunoa kila mara. Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Na huo unga ndio unaoniogopesha kuliko mashine. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na saratani yenyewe ni ya pua hasa. Kwa hiyo nafanyia kazi nje, chini ya mwembe, nikiwa na barakoa na kinga ya uso mzima. Majirani wananiita daktari.

Faida? Nilijua ungefika hapo. Siuzi, Mjomba. Nimeshaulizwa bei ya vifimbo vya chapati na nimekataa, kwa sababu siku nitakayoanza kuuza nitaanza kukimbia, na mashine hii haipendi mtu anayekimbia. Ninachofanya ni kugawa. Bakuli nalipaka mafuta ya parafini ya maji, yale ya duka la dawa, kisha nta ya nyuki. Mafuta ya kupikia sipaki, yanachacha.

Najua utasema mbao zipo tele, kwa nini nililie hizi. Hazipo tele. Ukataji miti katika misitu ya serikali ulipopigwa marufuku Februari 2018, si ni wewe uliyelalamika bei ya saipras imepaa ulipokuwa ukijenga ghala? Wakati huo huo mvule ulikuwa umesimama barazani kwako.

Sasa ombi lenyewe. Jumamosi ijayo nitakuja na pikapu ya kukodi. Vijana wasibomoe kwa shoka. Shoka hupasua mbao kwa urefu na kilichobaki kinakuwa kuni kweli. Watoe mabati kwanza, halafu kenchi moja moja kwa mtalimbo na nyundo ya kung'olea misumari. Misumari iliyokatikia ndani waiache, nitaitafuta mwenyewe kwa sumaku ya spika. Kwenye mbao ngumu hujitangaza kwa doa jeusi la wino. Watakachoshusha wakiinue juu ya mawe, kisilale chini, wakifunike na mabati mawili. Miimo ya mlango wa mbele wasiiguse, hiyo nitaitoa kwa mkono wangu.

Kuni za wageni wa mahari nitazileta mimi, mkaratusi mkavu uliopasuliwa, pikapu imejaa. Nimeshaongea na muuzaji wa huku Mamboleo. Ukikubali, nijibu kwenye kikundi mbele ya watu wote, ili binamu zangu wasije wakafika Ijumaa na msumeno wa petroli.

Mpwa wako,
Kisumu