Dada, uzi wenyewe haukufika hata urefu wa punje ya mchele

Kamwene, dada.

Simu yangu hupokei, na kwenye kundi la ukoo umenitoa. Nakuandikia hapa kwa sababu shangazi ameniambia huwa unapita kusoma, kimyakimya.

Lile la siku ya kuanua matanga ndilo limenikaa kooni. Wazee wa Kalenga wako mkekani, ulanzi haujamiminwa bado, nawe ukasimama na kaniki ya bibi mikononi ukasema, "Huyu msomi wetu ameikata nguo ya marehemu, anawapelekea Wazungu." Baba mdogo akanitazama. Mama akainamisha kichwa. Hukuniita jikoni, hukunivuta kando. Ulinisema mbele ya watu niliokuwa nawapikia tangu alfajiri. Na ni wewe uliyenisuka nywele siku ya kipaimara, ukaniazima na viatu vyako ukabaki na kandambili. Ndiyo maana iliniuma. Angesema mwingine ningemjibu palepale.

Sikukata, dada. Nilichomoa nyuzi zilizokwisha kulegea pindoni. Kazi hii yangu ya kupima rangi za nguo haitaki zaidi ya hapo: uzi unapashwa moto kwenye kiyeyushi mpaka uachie rangi, kisha yale maji yanapita kwenye mashine ya kromatografia, inayozitenganisha rangi zitoke moja moja, kila moja kwa wakati wake. Uzi wenyewe unaishia hapo, haurudi. Lakini hata bibi alikuwa akiuma nyuzi za namna hiyo kwa meno na kuzitema.

Sasa sikiliza, maana hukunipa nafasi ya kusema. Ile bluu ni nili. Kama ilitoka kwenye majani au kiwandani, mashine ile haiamui, kwa kuwa kiini cha rangi ni kilekile. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani 1897, mwaka mmoja kabla Mkwawa hajafa. Kwa hiyo hadithi yako ya kaniki ya enzi za Mkwawa sijaivunja. Iache ilivyo.

Mstari mwekundu ndio uliokuudhi. Wewe unawaambia wageni ni mizizi ya milima ya Udzungwa. Niliudondoshea uzi tone la asidi ukageuka bluu mbele ya macho yangu, na mashine ikathibitisha: ni nyekundu iitwayo Congo, iliyobuniwa Ujerumani miaka ya 1880. Haina mzizi wala haina Kongo, ni jina la biashara tu. Ulitaka niseme nini? Ungenipigia ukaniuliza, ningekwambia kwa upole. Ulisikia kwa watu, ukaamua nimemfanya bibi mwongo.

Wakati bibi hakusema hata siku moja kwamba ule wekundu ni mizizi. Wewe ndiye uliyesema. Alichosema bibi ni kuhusu uzi mweusi aliopindia ukingo: alichemsha magome ya mwati, akauloweka uzi humo, kisha akaufukia kwenye tope la kinyungu, ile bustani ya bondeni, mpaka ukawa mweusi. Tulikuwa wote pale, na ni wewe uliyecheka ukasema bibi anatunga. Basi uzi ule una tanini, na kipimo cha mionzi kimeonyesha chuma kimejaa ndani yake. Tanini ya magome ikikutana na chuma cha tope, weusi unazaliwa. Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Hilo nalo nililipata kwenye uzi ambao wewe unasema niliiba.

Na ndiyo sababu pindo linakatika lenyewe. Chuma kile kinaila pamba polepole, miaka nenda miaka rudi. Usiwasingizie watoto wako, na mimi usinisingizie mkasi.

Shangazi anasema unataka kuifua kwa dawa ya madoa, iwe safi kwa ajili ya harusi ya binti yetu. Nakuomba, usithubutu. Klorini inaivunja nili, na bluu ikishaondoka hairudi. Ule wekundu nao hauwezi kufuliwa, utachujia nguo yote. Usiianike juani. Ikunje kidogo, uviringishe ndani ya shuka la pamba lililofuliwa bila manukato, uiweke kabatini, mbali na moshi wa jiko lako. Ningeifanya mwenyewe kama ungeniachia, na mbele ya wazee nilisema niachiwe. Mlinyamaza wote.

Harusini nitakuja, kadi nimeipata kwa mama ingawa jina langu mmelikosea. Vipande vya pindo vikidondoka vitie kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, umpe mama. Na vile vyungu viwili vya bibi viko kwako. Sijauliza.