Barua kwa Mwanangu: Chemshabongo ya Bahari

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Barua yako imenifikia kwa mkono wa jirani, na sabuni na madaftari uliyoagiza nitampa akirudi huko. Hapa nyumbani sote wazima. Wadogo zako wanakusalimu, na bibi yako anauliza kila siku utafunga shule lini.

Sasa nije kwenye swali lako. Umenirudishia ile chemshabongo ya Bahari ya Hindi ikiwa imejaa nusu, na pembeni umeandika kwa kalamu nyekundu: "Mama, kwa nini umeukata ukurasa wa majibu?" Nimeukata kwa makusudi. Ningekuachia, ungejaza mraba wote kabla ya chakula cha usiku na usingebaki na kitu. Nimekaa na karatasi yako, nimeitazama kila herufi uliyoiweka na kila uliyoifuta, na nataka tuzungumze vidokezo vichache. Siyo vyote, maana vingine ni vya kujazia nafasi tu.

Namba 1 umeipata pande zote mbili, nami nimefurahi. Mlalo ni KASKAZI, wima ni KUSI, na pepo hizo mbili zinaanzia kisanduku kimoja, penye K. Mtungaji alijua anachofanya, kwa sababu mengi ya pwani yetu yameanzia hapo. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma kutoka upande wa Asia kuja kwetu. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, kusi huvuma kuelekea kule. Sababu umeshafundishwa darasani: kule kaskazini kukiwa na joto, nchi kavu ya Asia huwaka kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huvutwa kwenda kujaza nafasi iliyoachwa. Baridi ikiingia, mambo hugeuka. Lakini fikiria maana yake kwa binadamu. Nahodha wa Muscat au wa Gujarat aliyekuja na kaskazi, hata akimaliza kuuza tende na vitambaa vyake ndani ya wiki moja, hakuwa na njia ya kurudi. Alingoja kusi. Katika kungoja huko alipanga chumba, akajifunza kuongea na wenyeji, wengine wakaoa na kuzaa. Miji kama Tongoni, hapa jirani yetu, yenye msikiti na makaburi yake ya nguzo, iliishi kwa ratiba hiyo: wenyeji wakijenga na kulima, wageni wakija na kuondoka kwa zamu ya upepo. Liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Namba 9 mlalo ndiyo iliyokukwamisha. Kidokezo kinasema: "Bandari ya dhahabu iliyoitajirisha Kilwa", herufi sita. Ulikwisha kupata A ya nne na A ya sita, ukaandika BARAWA. Naona ulivyofika hapo. Barawa ni mji wa kale wa pwani, una herufi sita, na zile A zako mbili zimeingia sawasawa. Ukaridhika. Kisha 5 wima ikagoma: "Mti wa mkoko ubebao dari ya nyumba ya mawe", herufi sita, na herufi yake ya pili inapita juu ya herufi ya pili ya BARAWA. Ukaiacha tupu. Jibu ulikuwa nalo, mwanangu, maana boriti za nyumba ya bibi yako umezitazama tangu ukilala chali ukiwa mchanga. Ila O ya BORITI haikukubaliana na A uliyokwisha kuiweka, nawe ukachagua kuilinda A.

Kidokezo kimoja ni shahidi mmoja, na neno linalokikatiza ni shahidi wa pili. Wakipingana, kadhi hamfukuzi wa pili kwa kuwa wa kwanza alitangulia kufika barazani. Huwarudia wote wawili na kuwahoji upya. Ungeihoji BARAWA ungejiuliza: dhahabu ya huko ingetoka wapi? Barawa iko pwani ya Somalia. Dhahabu ilichimbwa nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa hadi SOFALA, katika Msumbiji ya leo, na Kilwa ilipoishika biashara hiyo ndipo ilipopata nguvu ya kujenga jumba kama Husuni Kubwa. Ushahidi upo wa kushikika kwa mkono: sarafu ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa ilipatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe, bara kabisa, mbali na bahari. Sultani huyohuyo ndiye ambaye msafiri Ibn Battuta wa Moroko alimkuta Kilwa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Na kuna jambo jingine ambalo kila nikilikumbuka hunisisimua. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na tano kati ya hizo zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje kule, wataalamu wanabishana mpaka leo. Ukija kuwa mwanahistoria, lichukue hilo.

Boriti nayo usiipite haraka. Watu huziona nyumba za kale za Lamu na Unguja, vyumba virefu na vyembamba, wakadhani ni mapenzi ya wenyewe tu. Ni mti ulioamua. Boriti ya mkoko inayoweza kubeba dari zito la mawe na chokaa ina urefu wa mita tatu hivi, mara nyingi pungufu. Kwa hiyo chumba utakirefusha utakavyo, lakini upana wake unaishia boriti inapoishia. Boriti hizohizo zilikatwa delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, zikapakiwa majahazini na kupelekwa Ghuba ya Uajemi, kwenye nchi za jangwa zisizo na miti ya kujengea. Zilisafiri kwa kusi, bila shaka. Ndiyo maana napenda chemshabongo yenye mada moja kuliko zile za mchanganyiko. Katika hizo za mchanganyiko utaandika jina la mto wa Urusi likatizwe na jina la tunda, na hayo mawili hayana habari ya kuambiana. Humu, namba 1 inaieleza namba 5, na namba 5 inaisahihisha namba 9.

SILIKANTI umeiacha tupu pia, nawe mtoto wa Tanga! "Samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu zama za dinosaria", herufi tisa. Wanasayansi walimjua kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, na visukuku vya mwisho vilikuwa vya miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938 meli ya uvuvi ikamleta bandarini East London, Afrika Kusini. Mtunza makumbusho wa mji ule, Marjorie Courtenay-Latimer, akamwona katika rundo la samaki wengine, akatambua kwamba huyu si wa kawaida. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na hapo ikajulikana kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua siku zote na wana jina lao kwa ajili yake, gombesa. Hawakuambiwa na mtu kwamba ametoweka. Huku kwetu alianza kuandikwa mwaka 2003, na wavuvi wa Tanga wakamnasa mara nyingi kwa jarife, yaani nyavu za papa, zilizotegwa kwenye maji ya kina kirefu, hadi ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Babu yako alitega jarife. Ukirudi likizo nenda ukakae naye, umuulize jarife inategwaje na kwa nini papa hutafutwa usiku. Hiyo haimo kwenye kitabu chochote nilicho nacho.

Nimelibakiza kusudi lile ulilolipata na kulipigia mstari kwa furaha. Namba 14 mlalo: "Nahodha Mwarabu aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India", herufi nane. Umeandika IBNMAJID. Kila herufi imekubaliana na neno linaloikatiza, na naamini ukurasa niliokata unasema hivyohivyo. Hapa nataka unisikilize zaidi.

Huenda si kweli. Ahmad bin Majid alikuwa bingwa wa bahari, mzaliwa wa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah, na aliandika mengi juu ya nyota, pepo na njia za majahazi. Lakini waliosafiri na da Gama hawakumtaja. Mwandishi wa Kireno João de Barros alisema rubani yule alikuwa Mwislamu wa Gujarat, na jina alilompa si la Ibn Majid. Aliyemtaja Ibn Majid ni Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika miongo mingi baada ya safari ile. Karne ya 20 msomi wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, akaieneza habari hiyo, na tangu hapo ikaingia vitabu vya shule, kisha ikaingia mraba wako. Wanahistoria wengi wa leo wanaikataa. Ibn Majid alikuwa mzee wakati ule, na ukubwa wa elimu yake hauhitaji sifa ya kumwonyesha Mreno njia.

Sasa tazama: maneno yanayokatiza yalikuhakikishia kwamba umeandika alichokitaka mtungaji. Hayakuweza kukuhakikishia zaidi ya hapo. Kwenye mraba, IBNMAJID ibaki. Kwenye daftari la historia, andika kwamba rubani alipatikana Malindi, na kwamba jina lake lina ubishi, kisha utaje nani anasema nini. Mwalimu akikuuliza umepata wapi, mjibu kwa adabu na umwonyeshe.

Na la pepo, nilisema tutalirudia. Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akafika karibu na Calicut tarehe 20 Mei, chini ya mwezi mmoja. Watu husema ni ustadi wa rubani, na ustadi ulikuwepo, lakini angalia tarehe: kusi ndiyo imeanza. Kurudi, alitoka India Oktoba bila kungoja kaskazi ikae sawa, na akaiona pwani ya Afrika Januari 1499, baada ya miezi mitatu kasoro. Mabaharia thelathini walikufa kwa kiseyeye njiani. Waliobaki walikuwa wachache kiasi kwamba waliichoma moto meli yao moja, kwa kuwa hapakuwa na mikono ya kuiendesha. Jambo ambalo kila mvuvi wa pwani hii angemwambia bure, yeye alilipa kwa roho za watu. Haya yote yalikuwa ndani ya kile kisanduku cha K, mwanangu, na wewe ulikwisha kukijaza.

Nimekuwekea humu chemshabongo nyingine, ya mkonge, nimeitunga mwenyewe kwa rula na penseli. Utamkuta Richard Hindorf aliyeuleta mwaka 1893, utaikuta idadi ya miche iliyofika hai kati ya elfu moja iliyosafirishwa, na Pangani ilikopandwa. Namba 7 wima inauliza mkonge wetu ulitoka wapi, visanduku saba. Yapo majina mawili yanayoingia pale bila shida: moja ni la nchi unakoota kwa asili, jingine ni la mahali miche yenyewe ilikochukuliwa. Hata herufi ya tano ni moja kwa yote mawili, kwa hiyo neno linaloikatiza halitakusaidia. Chagua lako, uniandikie na sababu. Jingine nalo uniandikie kwa nini lina haki ya kuwemo. Ukurasa wa majibu safari hii sikuutengeneza kabisa.

Jirani anarudi huko Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mpe barua yako kabla hajapanda basi.

Mama yako