Panya kapewa medali, mimi naambiwa nilete ushahidi

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, hata pale mlipostahili. Lakini ile habari ya nchi za Ulaya kujitoa katika Mkataba wa Ottawa, ule unaopiga marufuku mabomu ya ardhini yanayotegwa kudhuru watu, yenye picha ya askari kwenye theluji, imenishinda kumeza.

Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland mmezitaja zote, na hofu yao kwa Urusi mkaieleza kwa upole, kama mtu anayemtetea mjomba wake. Waathirika tumekuja mstari wa mwisho kabisa: "Hata hivyo, mabomu hayo yamekuwa yakidhuru raia." Yamekuwa yakidhuru! Kama mafua.

Basi mimi ni mmoja wa hao wa "hata hivyo". Bomu langu nililikanyaga vita vikiwa vimeshakwisha, watu wamerudi kulima, na aliyelitega pengine ameshasahau alilitega wapi. Nchi siitaji, maana kila nikiitaja watu husema "aa, huko!" na mazungumzo yanaishia hapo. Halikuwa kubwa, kiasi cha kopo la dawa ya viatu. Bomu la ardhini halisikilizi redio, halijui kwamba kuna amani. Wala lengo lake si lazima kuua: maiti huachwa, majeruhi hubebwa na watu wawili, na hao wawili ndio hesabu aliyopiga aliyelibuni.

Mwaka jana soketi ya mguu wangu wa bandia, yaani kile kikombe kinachovaliwa kwenye kigutu, ilipasuka. Wenye miguu yote miwili hudhani mguu wa bandia mtu hupewa mara moja, kama jina. Unachakaa, jamani. Kigutu nacho kinasinyaa. Unaongeza soksi moja, mbili, tatu, mwishowe soketi inacheza na ngozi inachubuka. Kwa mtoto ndiyo balaa zaidi, maana kila akirefuka mguu haumtoshi, na mfupa ndani ya kigutu unaweza kuendelea kukua mpaka arudishwe kwa daktari akatwe upya. Nikaenda ofisi moja inayohusika, nikaketi kwenye benchi tangu asubuhi. Zamu yangu ilipofika, kijana wa dirishani akafungua faili, akasoma, akasema bila kunitazama: "Mzee, cheti chako cha ulemavu kimeisha muda. Tunahitaji barua ya daktari kwamba hali bado iko vilevile." Nikamuuliza, hali ipi? "Hiyo ya mguu." Nikauvua, nikaulaza juu ya faili lake. Mhariri, kijana aliusogeza pembeni kidogo ili apate nafasi ya kugonga muhuri, kisha akanikabidhi fomu ya kurasa sita nimpelekee daktari. Kipengele cha nne kinauliza: "Je, kuna matarajio ya kupona?" Miaka yote hii nimekaa nangoja uote.

Na ninyi wa magazeti nanyi. Kila Aprili 4, siku ya kimataifa ya mabomu haya, anakuja mpigapicha na kuniomba nikunje suruali. Jina haulizi. Afadhali panya. Magawa, yule panya buku aliyefunzwa Tanzania akapelekwa Kambodia, alinusa mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu, mwaka uliofuata akastaafu kwa heshima zote. Mlimpa nusu ukurasa, tena kwa jina lake. Simwonei wivu, kazi aliifanya. Ila hakuna aliyemwambia alete barua ya kuthibitisha kwamba bado ni panya.

Mkataba wenyewe haukuwa wa maneno matupu. Ulitiwa saini Desemba 1997, ukaanza kufanya kazi Machi 1, 1999. Mwanachama ana miaka 4 ya kuharibu akiba yake na miaka 10 ya kusafisha ardhi yake, na kifungu cha 6 kinataka kila mwenye uwezo asaidie kuwatibu majeruhi, kuwawezesha wajimudu tena na kuwarudisha katika maisha ya watu. Msumbiji, iliyokuwa imetapakaa mabomu, ilitangaza mwaka 2015 kwamba imeyaondoa yote yaliyojulikana. Kwa hiyo inawezekana! Marekani, Urusi na China hazikuingia kabisa, na mimi sizisifu, lakini angalau hazikumwahidi mtu kitu. Kinachonichoma ni aliyeahidi kisha akageuka. Finland iliteketeza mabomu zaidi ya milioni 1 ya kwake yenyewe, kazi ya kupigiwa makofi, na sasa inajifungulia mlango wa kupata mengine. Mwandishi wenu akatutuliza kwamba ya siku hizi ni ya kisasa na yatategwa kwa uangalifu. Langu pia nina hakika lilitegwa kwa uangalifu, ndiyo maana hatukuliona. Na kujitoa kwenyewe ni jambo la barua moja na kungoja miezi 6. Miezi 6! Mimi mguu nimeungoja kuliko hapo.

Sina utaalamu wa sheria, ila nina pendekezo. Nchi itakayotaka kujitoa, waziri wake aje mwenyewe, aketi benchi lile tangu asubuhi, ajaze fomu yangu zile kurasa sita, na aambatanishe barua ya daktari kwamba raia wake bado wana miguu miwili miwili. Cheti kiishe muda kila mwaka, arudi tena. Nakala ya fomu ninayo, naitoa bure. Kipengele cha nne wasikiguse, kibaki kama kilivyo.

Msomaji wenu, bado vilevile