Barua kutoka Derby

Derby, Uingereza, 9 Machi 2025

Kwako ndugu yangu Selemani,

Salamu nyingi. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila baridi imetukalia.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini mtu wa miaka 38, tena mwenye kazi ya zamu, anajitesa na baiskeli isiyomlipa hata senti. Sikukujibu vizuri.

Mchezo wetu ni wa kufukuzana kwa timu. Watu wanne, mita 4,000, mizunguko 16 ya uwanja wa mbao, na wapinzani wanaanzia upande wa pili. Baiskeli haina breki. Gurudumu likizunguka, miguu nayo haina hiari. Wa mbele anapasua upepo, wenzake wamejificha mgongoni kwake kama sisi tulivyokuwa tukijificha nyuma ya malori barabara ya Mzumbe. Zamu yake ikiisha, kwenye kona, ambako uwanja umeinuka, anapanda juu, anawaacha wapite, kisha anashuka kuudaka mkia. Akichelewa kidogo tu, upepo unampiga kifuani na hawafikii tena.

Na saa inasimama mtu wa tatu anapovuka mstari wa mwisho; huo ndio muda wa timu. Wa nne akiishiwa anajitoa, ruksa. Wa tatu hana ruksa hiyo.

Jumapili iliyopita wa tatu nilikuwa mimi. Mmoja wetu alishajitoa, imebaki mizunguko mitano. Nikajiona nina nguvu, nikaongoza mzunguko mmoja na nusu badala ya mmoja tuliokubaliana. Niliposhuka, gurudumu la mwisho lilishaniacha. Kocha akapiga kelele wapunguze, wakanisubiri. Tukashindwa, na hata sekunde moja haikutimia. Kwa tamaa yangu ya nusu mzunguko, Selemani! Tulipomaliza, aliyekuwa mbele yangu alikuja akanifungulia viatu, maana mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Hakusema neno.

Kwa watu kama huyo ndiyo maana siachi.

Mji huuhuu ndiko walikojinoa Dan Bigham, Charlie Tanfield, Jacob Tipper na Jonny Wale, vijana waliokuwa nje ya timu ya taifa. Walijipangia mazoezi wenyewe, na Bigham, ambaye ni mhandisi, akawa anapiga hesabu za upepo: helmeti, nguo, namna ya kuinama. Januari 2017 wakatwaa ubingwa wa Uingereza. Januari 2018 wakashinda raundi ya Kombe la Dunia kule Minsk, mbele ya timu za mataifa! Bigham akaja kuwa bingwa wa dunia mwaka 2022, na Paris 2024 akavaa medali ya fedha ya Olimpiki. Mimi sitafika huko, najua. Lakini kila nikiingia uwanjani nakumbuka kwamba nao walianza hivihivi, kwa pesa za mfukoni.

Jumanne tuna mazoezi saa mbili usiku. Kocha amenipanga wa tatu tena.

Msalimie sana mama.

Wako,
Hamisi