Msitu wa Pugu siyo pori tu

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni tangu wikiendi iliyopita.

Tulikuwa watu sita, tukapanda daladala Gongo la Mboto alfajiri na hiki kibaridi cha kipupwe, tukaenda Kisarawe kuingia msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, tuhesabu wanyama na miti. Wengi wanasema saizi hakuna cha kuona, kumekauka. Mimi nasema ndo msimu wenyewe, kwa sababu majani yamepukutika na ukisimama kimya unasikia kila anayepita. Kwaru kwaru chini, unageuka taratibu, kumbe sange! Mbele ana rangi ya kutu, nyuma mweusi ti, kipua kirefu kinachezacheza anapekua majani atafute wadudu, na kiota chake ni hayohayo majani kayakusanya chini. Sa mtu akichoma moto kusafisha shamba ukamponyoka ukaingia msituni, huyu anakimbilia wapi?

Usiku komba wakaanza kelele. Na siyo komba wa kulewa tembo tu tunayemjua kwenye misemo, Pugu kuna komba wa Rondo, yule mdogo kuliko komba wote, gramu kama 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Dunia nzima anapatikana misitu michache tu ya pwani yetu, na mmojawapo uko hapa nyuma ya uwanja wa ndege, jamani.

Asubuhi, hatua kama hamsini toka kwenye kile kiota, tukakuta tanuru la mkaa bado la moto. Pembeni kisiki cha mkongo, unga wa msumeno bado mbichi, na maganda yake yamepasuka mbegu zimetapakaa, nyeusi zenye vikofia vyekundu. Niliokota moja ninayo hapa mezani naandika naiangalia. Mkaa ule hauliwi Kisarawe, unakuja kwetu mjini, na mimi mwenyewe nimenunua mkaa miaka yote bila kuuliza umetoka wapi.

Ombi langu, doria ziwe za usiku pia maana ndo wanakata saa hizo, na nyie gazeti mtume mwandishi kabla kipupwe hakijaisha. Sisi tutamtembeza. Avae viatu vya kufunika na awe tayari kukaa kimya muda mrefu.

Msomaji wenu,
Ukonga, Dar es Salaam