Jumamosi tunasikiliza Fahey

Wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi saa kumi tunakutana Magomeni, palepale uani. Zamu hii ni John Fahey, mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki 2001. Ile seti ya CD 5 niliyowaambia imeshafika: rekodi zake za 1958 hadi 1965, zilizotolewa upya mwaka 2011.

Nyingi alizirekodi akiwa kijana, kwa Joe Bussard, mkusanyaji wa santuri wa Maryland aliyekuwa na lebo yake ya nyumbani, Fonotone. Santuri zilichongwa moja moja, mtu akiagiza. Baadhi alijiita Blind Thomas, kama vile ni kipofu mzee wa bluzi! Utani huo mimi bado haujanikalia vizuri, tutaujadili. Na albamu yake ya kwanza, 1959, ilitoka nakala 100 tu.

Sikilizeni kidole gumba. Kinashika besi bila kuchoka huku vidole vingine vikizurura, mara vinapotea, mara vinarudi. Kuna mikwaruzo mingi, msije mkaniambia spika ni mbovu.

Mwenye kanda za zamani za zeze au marimba ya Kigogo aje nazo, nataka tuzipige baada ya Fahey tuone.

Mchango ni elfu tatu, ya kahawa na kashata. Luku nimeshanunua, yale ya mwezi uliopita ya kuzimikiwa katikati ya wimbo hayatajirudia. Anayekuja ajibu hapa kabla ya Ijumaa, viti vya kuazima ni kumi na viwili.