Yah: Malalamiko kuhusu mafunzo ya mbinu za juu za kumudu pikipiki nje ya lami

Mbagala,
Dar es Salaam.
12 Mei, 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa wanafunzi tisa waliohudhuria mafunzo yenu ya siku tatu, kuanzia Ijumaa tarehe 25 hadi Jumapili tarehe 27 Aprili. Nililipa ada ya shilingi 450,000 kwa simu, kwa mkupuo mmoja, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliyoiomba mara mbili pale mapokezi sijaipata hadi leo. Hilo la risiti naliacha hapo. Kilichonikalisha chini kuandika ni kwamba mlichotufundisha sicho mlichotuuzia, na sehemu ya mlichotufundisha ni hatari kwa maisha ya mtu.

Nianze na la Jumapili, maana ndilo lililomlaza mwenzetu hospitali.

Asubuhi ile mlitupeleka vilima vya Pugu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo mwekundu umelowa na juu yake kuna changarawe. Tulisimama kileleni mwa mteremko ambao kwa kukadiria ulikuwa na hatua themanini, na chini yake korongo. Mwalimu akatupa somo zima la kushuka kwa maneno haya: breki ya mbele isahau kabisa, hiyo ndiyo inayoua, kamata klachi, kanyaga breki ya nyuma, shuka taratibu. Nilinyoosha mkono kuuliza. Akanijibu, "Dada, fuata maelekezo."

Aliyetangulia alikuwa kijana wa kampuni ya upimaji ardhi, mdogo wetu kuliko wote, mwanafunzi msikivu. Alifanya kila alichoambiwa. Alipokamata klachi, injini ikaachana na gurudumu la nyuma, na pikipiki ikabaki mzigo unaoporomoka. Akakanyaga breki ya nyuma. Kwenye mteremko uzito wote umeegemea mbele, gurudumu la nyuma ni jepesi, haliishiki ardhi sawasawa. Ukilikanyagia breki linagoma kuzunguka na kuanza kuteleza. Likateleza. Mkia wa pikipiki ukataka kuupita usukani, ikalala ubavu, na yeye akatua kwa bega. Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Sote tuliusikia.

Ndugu Mkurugenzi, mteremko haushukwi hivyo. Breki ya kwanza ya mteremko ni injini yenyewe: gia ya kwanza, klachi imeachwa, mafuta yamefungwa, pikipiki inajizuia yenyewe na kushuka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwendeshaji anasimama, anarudisha makalio nyuma, magoti yamebana tangi ili mikono isibebe mwili. Kisha ndipo breki zote mbili, na ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu ule uzito unaohamia mbele ndio unaoligandamiza gurudumu hilo chini. Kinachoangusha ni kuikamata kwa pupa. Kwenye changarawe inakamatwa kwa kidole kimoja au viwili, kidogo kidogo, kama mtu anayekamua ndimu, na gurudumu likianza kuteleza unaachia papo hapo na kukamata tena. Hilo linafundishika. Uwanja wa tambarare wa mchangamchanga na nusu saa ya kurudiarudia zingetosha kumzoesha kijana yule kabla hamjamsimamisha pale juu.

Najua dhana ya kwamba breki ya mbele inaua imeenea vijiweni. Nimeisikia Mbagala, nimeisikia Kongowe, na mtu aliyefunzwa na rafiki yake simlaumu akiiamini. Ninyi mnatoza ada. Mnajiita wataalamu wa njia za porini. Kazi yenu ilikuwa kuiondoa dhana hiyo vichwani mwetu, na badala yake mmeipa mhuri.

Baada ya ajali hapakuwa na sanduku la huduma ya kwanza. Hapakuwa hata na bendeji. Mkono wa kijana niliufunga kwa kanga yangu, ile ninayotumia kufungia kasha la sampuli ninazobeba kazini, tukatafuta bajaji mpaka ikapatikana, na mwalimu akabaki anapiga simu isiyopokelewa na mtu yeyote wa ofisi yenu. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayempigia kijana kumjulia hali. Aliniambia wiki iliyopita kwamba hakuna mtu kutoka kwenu aliyemtafuta, hata kwa pole. Kwa watu wa pwani tuliolelewa kujua thamani ya neno pole, hili limeniuma kuliko fedha.

Sasa nieleze kwa nini nilikuja kwenu. Naendesha pikipiki kwa miaka kumi na moja. Kazi yangu ni kukusanya sampuli za makohozi za watu wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu kwenye zahanati za pembezoni na kuzifikisha maabara siku hiyo hiyo. Njia zangu ni za Kimbiji, Pemba Mnazi na upande wa Mkuranga. Kiangazi mchanga unameza nusu ya gurudumu, masika njia zile zile zinakuwa madimbwi na utelezi. Agosti mwaka jana nilianguka mchangani na kasha likiwa nyuma yangu. Mkono ulivimba wiki mbili. Wagonjwa kumi na wanne ikabidi waitwe tena kutoa makohozi, na mmoja wao alikuwa bibi aliyetoka shambani kwa miguu, anakohoa, anapumzika njiani. Nilipomwambia sampuli yake imeharibika aliniangalia tu, akasema, "Haya mwanangu, tutatoa nyingine." Siku ile niliapa sitaanguka tena kwa kutojua. Nikajinyima miezi minane nikaipata ada yenu. Ofisi haikuchangia hata senti.

Ndiyo maana somo la mchanga nililisubiri kuliko yote. Lilikuwa Jumamosi, sikukuu ya Muungano, njia ya kwenda Kimbiji ninayoipita kila wiki. Mwalimu alituambia tukae kwenye kiti, tushushe miguu yote miwili, tutambae polepole tukijisukuma kama mtu anayepiga kasia. Watu wanane walikwama au kuanguka. Gurudumu la mbele likienda polepole mchangani linazama na kulima mfereji wake lenyewe. Ukifunga mafuta kwa woga, uzito unakuja mbele na linazama zaidi. Na miguu iliyoning'inia haisaidii kitu, zaidi ya kungojea kubanwa chini ya kasha la mizigo au kuteguka kifundo.

Saa sita mchana, tumechoka, alipita mwendesha bodaboda mmoja na tenga la samaki nyuma, kwenye Boxer ya kawaida kabisa yenye tairi za barabarani. Alisimama kwenye vikanyagio, akapita katikati yetu kama yuko kwenye lami. Nilimfuata kwenye kivuli cha mnazi aliposimama kunywa maji nikamuuliza anafanyaje. Alinijibu bila kunificha kitu: simama, jivute nyuma, mbele ibaki nyepesi, tazama mbali kule unakokwenda, usitazame tairi, mafuta yasikatike, na usukani usiukazie. "Mwache aogelee," alisema, "atatikisika lakini atanyooka mwenyewe. Ukitaka kumgeuza, kanyaga mguu wa upande unaotaka." Halafu akabonyeza tairi yangu kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

Tairi zetu zote zilikuwa na upepo wa lami, psi 28 hadi 30. Nilipima mwenyewe kwa geji yangu. Kwenye mchanga mzito upepo hushushwa hadi karibu psi 15 au 18, tairi itandae na kukanyaga eneo kubwa badala ya kukata kama kisu. Somo hilo lina hadhari zake pia: ukishusha mno, tairi linaweza kuzunguka juu ya rimu likang'oa mdomo wa tyubu, na jiwe likikukuta linapinda rimu, kwa hiyo unatembea na pampu na kujaza tena kabla ya kurudi lami. Hayo ni maelezo ya dakika kumi. Mwalimu wenu hakuyagusa kabisa, wala kwenye gari lenu lililotufuata hapakuwa na pampu. Nilijifunza zaidi kwenye kivuli kile kwa muuza samaki, bure, kuliko kwenye siku tatu za ada.

Ijumaa ilikuwa siku ya koni kwenye uwanja wa kuegesha magari. Sina ugomvi na koni. Mizunguko midogo ya polepole ndiyo msingi wa kila kitu porini, na nilifurahi kuona mmeanza nayo. Lakini tuliambiwa tuinamie ndani ya kona pamoja na pikipiki, kama tuko mwendo wa Barabara ya Kilwa. Kwa mwendo wa kutembea unailaza pikipiki ndani na mwili wako unabaki nje, umekanyaga kwa nguvu kikanyagio cha nje, macho yamegeuka mpaka unaiona koni inayofuata. Klachi inashikwa pale inapoanza kuvuta na haitoki hapo, breki ya nyuma imeguswa kidogo kuituliza. Sehemu hii ya klachi mwalimu hakuitaja kabisa. Kusimama kwenye vikanyagio tulionyeshwa kwa dakika chache, na mwalimu mwenyewe alisimama amenyoosha magoti kama mlingoti na viwiko vimebanwa mbavuni. Magoti na viwiko ndiyo shokapu za mwili. Ukivikaza, kila jiwe linakufika kichwani.

Kugeuza pikipiki iliyozimika katikati ya mlima, ambako kumeandikwa kwenye kipeperushi chenu kwa herufi nzito, hatukufundishwa. Kuvuka maji, hatukufundishwa. Niliulizia hilo la mlima kwa sababu limeshanikuta: pikipiki imezima, breki ya mbele umeikamata lakini bado inarudi nyuma, maana kwenye mpando uzito uko nyuma na gurudumu la mbele linaburuzwa tu. Mwenye ujuzi anaiacha ndani ya gia na klachi imeachwa, injini iliyozimwa inalizuia gurudumu la nyuma, kisha anaikamata klachi kidogo na kuiachia tena, hatua kwa hatua, mpaka pikipiki ikae kukingama mlima, na yeye anashukia upande wa juu. Nilijibiwa muda umekwisha. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Simlaumu sana mwalimu. Ni kijana mstaarabu, hakututukana, na naamini anaijua lami vizuri. Nawalaumu ninyi mliompeleka kufundisha mchanga na milima ambayo haijui, mkampa watu tisa peke yake bila msaidizi, na mkatuacha watatu kati yetu tuendeshe Pugu bila kinga za magoti wala viwiko, kwa sababu zilizokuja hazikutosha.

Ninachokiomba ni hiki. Gharama za matibabu ya kijana yule mzilipe ninyi, na aliyeko kwenye uongozi aende kumwona kwa miguu yake. Mimi na wenzangu mturudishie nusu ya ada, au mtufundishe upya siku mbili za mchanga na milima chini ya mwalimu anayezimudu, pamoja na msaidizi, sanduku la huduma ya kwanza, pampu na kinga za kila mtu. Mimi binafsi ningechagua kufundishwa, kwa sababu Juni imekaribia, njia zinaanza kukauka na mchanga unarudi. La breki ya mbele halina mjadala: kabla hamjapokea kundi jingine, liondoeni kwenye mafunzo yenu na muwaandikie wote mliowahi kuwaambia hivyo.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na kipeperushi chenu, uthibitisho wa malipo na maelezo ya maandishi ya wenzangu watano waliokubali kusaini, maana Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja juu ya huduma anayouziwa. Nakala ya barua nimempa yule kijana.

Kijana bado amefungwa mkono. Kanga yangu aliifua akairudisha kupitia kwa dada yake, nami nimeifunga tena kwenye kasha. Kesho alfajiri naelekea Pemba Mnazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa kundi la Aprili